Farasi Hodari na Mwenyewe Asiye na Nafasi

Wako wakulima katika Nyanda za Juu, sehemu za Nakuru, Laikipia na Nyandarua, ambao pamoja na ng'ombe wao wa maziwa wanafuga farasi mmoja au wawili. Mmoja alinunua farasi aliyeachishwa mashindano katika uwanja wa Ngong, ule uliofunguliwa mwaka wa 1954. Mwingine alikuwa na farasi jike wa kuzungukia ng'ombe, akamzalia mtoto. Mwingine alilipwa farasi badala ya deni. Baadaye huonekana kwamba mnyama huyo ni hodari kweli: ni mwepesi wa kujifunza, ana mwendo mzuri, na watu wakipita njiani husimama kumtazama.

Ndipo mwenyewe huanza kuona uchungu moyoni. Ng'ombe wanataka kukamuliwa mara mbili kila siku, viazi vinataka palizi, watoto wanataka karo, na saa za kumpanda farasi hazipatikani. Basi hujiuliza maswali matatu. Je, kipaji cha mnyama huyu hakitapotea bure? Je, ni afadhali nimwuze? Au nimpande Jumapili kutwa ili kufidia juma zima?

Maswali mawili ya kwanza tutayajibu hapa chini. La tatu tulijibu sasa hivi: usifanye hivyo. Kumwacha farasi siku sita bila kazi na kumkimbiza kutwa siku ya saba ni njia fupi ya kumharibu miguu, na pengine ya kumwua.

KIPAJI HAKIOZI, LAKINI MWILI HULEGEA

Yafaa kutenganisha mambo mawili: yale ambayo farasi amejifunza, na nguvu za mwili wake. Farasi ana kumbukumbu nzuri sana. Jambo alilofundishwa vizuri halisahau kwa miaka. Farasi aliyezoea kusimama atulie wakati wa kupandwa, na kugeuka kwa kuguswa kidogo kwa hatamu, ukimwacha malishoni miezi sita atakukumbuka na kazi yake ataikumbuka. Basi mwenye farasi kijana asiwe na haraka. Farasi wa miaka 3 huonekana mkubwa, lakini mifupa ya mgongo wake haikomai mpaka afikie miaka 5 au 6. Kumpumzisha katika umri huo si hasara. Farasi anayetunzwa vizuri aweza kufanya kazi mpaka miaka 20 na kuishi miaka 25 au zaidi, kwa hiyo mwaka mmoja wa kazi kidogo haumalizi maisha yake.

Nguvu za mwili ni jambo jingine. Akipumzika mwezi mmoja hupoteza kidogo tu. Akipumzika miezi mitatu au minne, moyo, mapafu na misuli hulegea, na kano na mifupa pia hupunguza uimara wake. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukianza kumfanyisha kazi tena, misuli na pumzi hurudi upesi, na katika majuma machache farasi atajiona ana nguvu na kutaka kukimbia. Lakini kano za miguu na mifupa huchukua miezi kurudia uimara wake. Mwenyewe akidanganywa na ile furaha ya mnyama, akamwachia shoti juu ya ardhi ngumu, kano hukatika. Kano iliyokatika hupona kwa muda wa karibu mwaka mzima, na mara nyingi haiwi kama zamani.

HESABU YA SAA

Kabla ya kuamua lolote, chukua karatasi na kalamu uandike saa zako, kama unavyoandika maziwa na fedha za chama. Mfano ni huu. Kumpa farasi maji na chakula, kumtazama mwili, kusafisha kwato na kuondoa mavi huchukua nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Hiyo ni saa 7 kwa juma. Ukimpanda mara tatu, dakika 30 Jumanne, dakika 30 Alhamisi, na saa moja na robo Jumamosi, jumla ni saa 2 na robo. Kumsugua, kumtandika na kumtandua ni kama nusu saa kila mara, yaani saa 1 na nusu. Jumla yote ni saa 10 na dakika 45 kwa juma.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Sehemu kubwa si ya kupanda, bali ni ya kutunza. Ikiwa huna saa 11, punguza kupanda, usipunguze kutunza. Farasi asiyepandwa juma zima hapati dhara lolote ikiwa yuko malishoni. Farasi asiyepata maji siku moja aweza kupatwa na msokoto wa tumbo na kufa.

Andika pia hesabu ya chakula. Farasi wa kilo 450 hula karibu kilo 9 za nyasi kavu kwa siku. Kwa mwaka mzima hizo ni kilo 3,285. Ikiwa bunda moja la nyasi lina kilo 15, ni mabunda 219. Maji hunywa lita 25 mpaka 45 kwa siku, na zaidi siku za jua na kazi. Akila malishoni, nyasi za kununua zitapungua, lakini ekari moja au mbili za malisho mazuri zitakuwa zake, na huenda ekari hizo zingelisha ng'ombe wa maziwa. Ni lazima baba, mama na watoto wakubwa waone hesabu hii pamoja, maana mzigo ni wa nyumba nzima.

AKAE MALISHONI, ASIFUNGWE BANDANI

Kwa mtu asiye na nafasi, farasi wa malishoni ni bora kuliko farasi wa bandani. Huyu hutembea mwenyewe kutwa akila, na miguu yake na matumbo yake hupata kazi. Yule wa bandani humtegemea bwana wake kwa kila hatua, na akisimama tu siku nyingi huanza kutafuna mbao, kuyumbayumba mlangoni, na kuvimbiwa. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, naye hawezi kutapika. Ameumbwa ale kidogo kidogo saa nyingi.

Asikae peke yake. Farasi ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake huhangaika na kukonda. Aweza kukaa na ng'ombe, na hii ina faida nyingine: ng'ombe hula mayai na viluwiluwi vya minyoo ya farasi pamoja na majani bila kudhurika, na hivyo malisho husafika. Akikaa na punda ni vizuri pia, lakini punda apewe dawa ya minyoo kwanza, maana punda hubeba minyoo ya mapafu asionekane mgonjwa, kisha humwambukiza farasi.

Iko hatari moja ya kukaa nje. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na virusi, na huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu machweo mpaka alfajiri, hasa baada ya mvua na karibu na mabonde yenye maji. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Farasi akishikwa hupata homa kali, hupumua kwa shida, na pengine povu hutoka puani. Wengi hufa katika siku chache. Hapana dawa ya kuuponya. Kinga ni mbili: chanjo ya kila mwaka kwa shauri la daktari wa mifugo, na kumwingiza farasi bandani kabla ya jua kutua wakati wa mvua. Ukiona dalili hizo, peleka habari kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo.

KAZI KIDOGO KWA JUMA

Mara tatu kwa juma zatosha kumweka farasi katika hali nzuri ya kazi za kawaida. Dakika 10 za kwanza na za mwisho ziwe za mwendo wa hatua, kila mara, hata kama una haraka. Siku za dakika 30, dakika 10 za katikati ziwe za matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole. Siku ya tatu mpeleke mlimani. Kupanda mlima kwa hatua huimarisha misuli na pumzi bila kugonga miguu, nayo milima hatuna uhaba wayo.

Mwenye akili hutafuta namna ya kuunganisha safari zake na kazi ya farasi. Kukagua ua, kuhesabu mitamba malisho ya mbali, au kwenda mkutano wa chama, yote haya yaweza kufanywa juu ya farasi. Siku usiyoweza kumpanda, mshike kwa kamba umtembeze dakika 20, umfundishe kusimama, kurudi nyuma na kupita juu ya gogo. Ukimzungusha kwa kamba ndefu, usizidishe dakika 15, na ubadilishe upande, kwa sababu duara dogo hulemea viungo vya miguu.

Farasi aliyepumzika miezi mitatu au zaidi arudishwe hivi. Juma la 1 na la 2, hatua tu, kuanzia dakika 20 mpaka 40. Juma la 3 na la 4, ongeza matiti kidogo kidogo. Juma la 5 na la 6, refusha matiti na uanze milima mirefu. Juma la 7 na la 8, shoti fupi mahali palipo laini. Kila asubuhi pitisha mkono juu ya miguu yote minne. Ukiona joto au uvimbe ambao jana haukuwapo, mpumzishe.

Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga kama mara 28 mpaka 44 kwa dakika. Waweza kuyasikia mapigo kwa vidole chini ya taya. Baada ya kazi, mpe dakika 10 au 15 za kupumzika, kisha uhesabu. Yakiwa bado ni zaidi ya 60, kazi ya leo ilimzidi. Ipunguze mara nyingine. Tena, mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Farasi wa kilo 400 asibebeshwe zaidi ya kilo 80.

UGONJWA WA JUMATATU

Zamani huko Ulaya, farasi waliovuta mikokoteni walipumzika Jumapili lakini wakaendelea kupewa nafaka nyingi kama siku za kazi. Jumatatu walipofungwa mkokoteni, wengine walikakamaa kabla ya kufika mbali. Watu wakauita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Farasi hutoka jasho, makalio yake huwa magumu kama ubao, hukataa kutembea, na mkojo wake huwa mweusi kama kahawa. Maana yake ni kwamba misuli inaharibika, na uchafu wake waweza kuharibu mafigo.

Mwenye farasi wa Jumamosi tu ndiye hasa anayepaswa kuujua ugonjwa huu. Kinga ni kupunguza nafaka siku asizofanya kazi. Kwa kweli farasi wa kazi nyepesi haihitaji nafaka. Nyasi nzuri, maji na chumvi zamtosha. Kama ni lazima apewe, asipewe zaidi ya kilo 2 kwa mlo mmoja. Ukiona dalili, shuka, usimlazimishe kutembea hata hatua moja ya kurudi nyumbani, mfunike mgongo, na umwite daktari.

SUMU ZILIZOMO KATIKA SHAMBA LA NG'OMBE

Mkulima wa ng'ombe huweza kumwua farasi wake kwa wema, akidhani kinachomfaa ng'ombe chamfaa na farasi. Shika mambo haya manne.

1. Vyakula vingine vya dukani vya ng'ombe na vya kuku hutiwa dawa iitwayo monensini au jamaa zake. Kiasi asichokihisi ng'ombe humwua farasi, maana huharibu moyo. Soma karatasi ya gunia. Usipokuwa na hakika, usimpe.

2. Dawa ya kupe iitwayo amitrazi, ambayo wengi twaitumia kwa ng'ombe, isipakwe juu ya farasi. Husimamisha matumbo yake yasifanye kazi. Mwulize daktari dawa inayomfaa.

3. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kubwa kwa farasi na punda. Sumu ya ukungu huo huozesha ubongo. Mnyama huzungukazunguka, hugonga vitu, na kufa. Yale mabovu uliyoyachambua ghalani usimpe.

4. Majani ya kikuyu na seteria ni mazuri kwa ng'ombe, lakini yana kitu kinachozuia farasi asipate chokaa ya kujenga mifupa. Akila hayo tu kwa miezi mingi, tena akiongezewa pumba, mifupa ya uso huvimba na miguu huchechemea. Mchanganyie nyasi kavu za Boma Rhodes na majani ya alfalfa, na uulize ofisi ya mifugo kuhusu chokaa ya kulisha.

Kwato pia zisisahauliwe. Hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo zikatwe kila majuma 6 mpaka 8, hata kama farasi hafanyi kazi.

KUMPA MTU MWINGINE AMPANDE

Pengine jirani yako ana kijana anayejua farasi lakini hana mnyama. Hapo kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe hana. Kugawana farasi si aibu, nayo ni dawa nzuri ya ukosefu wa nafasi. Lakini urafiki usiwe badala ya maandishi. Andikeni karatasi mbili, kila mmoja akae na yake, mbele ya shahidi, mkieleza: siku ambazo kila mtu atampanda; nani atalipa nyasi, kwato na daktari; nani mwingine ameruhusiwa kumpanda; kazi gani imekatazwa; nani atalipa mtu au mnyama akiumia; na kwamba kila upande waweza kuacha kwa kutoa habari mwezi mmoja mbele. Mwenye farasi amwone kijana akipanda mara kadhaa kabla ya kumwachia. Mkono mzito juu ya lijamu huharibu kwa juma moja kazi ya mwaka.

JE, NIMWUZE?

Sasa swali la pili. Kumwuza si lazima kwa sababu tu huna nafasi ya kumpanda. Farasi hajui kwamba ana kipaji, wala hana huzuni kwa kukosa mashindano. Anachotaka ni majani, maji, mwenzake, na mahali pa kutembea. Huzuni ni ya mwenyewe. Ukiweza kumpa hayo, na ukafurahi kumpanda Jumamosi moja, hujamkosea.

Lakini mwuze, au umwazime mtu mwema, ukiona moja ya mambo haya: nyasi zake zimeanza kuondoa chakula cha ng'ombe au karo ya mtoto, kwato na chanjo zimeanza kuchelewa, au amekuwa mkali kwa kufungwa na wewe umeanza kumwogopa. Mwuze akiwa mzima na mnene, bado anapandika. Wengi hungoja mpaka amekonda na amesahauliwa, halafu hupata bei ya mnyama mgonjwa, naye farasi huangukia mikononi mwa mtu asiyemjua. Ukimpeleka kwa mwenye nafasi ya kumwendeleza, umekitunza kipaji chake kuliko ungalimfunga kwako kwa sababu ya sifa.

NA WENYE PUNDA NA MAKSAI

Wasomaji wengi hawana farasi, lakini wana punda wa kubeba maji au maksai wa kulima, na kanuni ni ile ile. Maksai waliokaa miezi minne bila kazi, wakifungwa jembe kutwa siku mvua inapoanza, hutoka vidonda vya nira shingoni, na ulimaji husimama siku zile zile unapohitajiwa. Wiki mbili au tatu kabla ya mvua, wafunge nira kila asubuhi, kwanza bila mzigo, kisha wavute gogo, saa moja, kisha saa mbili. Ngozi itakaza na miguu itazoea. Punda naye asizidishiwe nafaka, wala asiachwe na njaa siku nzima, maana punda mnene akikosa chakula ghafula mafuta huingia katika damu na kumwua.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 30 zilizofuatana kwa utaratibu zamfaa mnyama wa kazi kuliko kutwa moja ya haraka. Leo jioni, baada ya kukamua, chukua karatasi uandike saa zako za juma hili na mabunda yako ya nyasi. Hesabu ikikubali, mpange farasi wako siku zake tatu, uzishike. Isipokubali, mwone daktari wa mifugo au jirani mwenye nafasi kabla mnyama hajakonda.